Mikwaruzo

Skana si yetu. Ni ya chama cha msingi.
Karani Mnalima kanipa Ijumaa jioni,
kaifunga kwa gunia la korosho, akasema:
Jumatatu saa mbili iwe mezani kwangu,
na kioo chake usikifute kwa kanga.

Kioo kina salfa. Msimu wa kupuliza
vumbi la njano halichagui mlango:
linaingia kwenye uji, kwenye kope za mbuzi,
na sasa limeingia kwenye harusi ya babu,
Newala, mwaka hamsini na tisa,
nukta nukta juu ya kanzu
kama mvua iliyokataa kufika chini.

Nafuta. Naanza upya. Nailaza picha kifudifudi
kama mtoto anayepakwa mafuta mgongoni.
Mwanga unapita chini yake taratibu,
toka viatu hadi kofia,
na kila mara shangazi Asumini anauliza:
"Haimuunguzi?"
Haimuunguzi, shangazi.

Bati la biskuti lina picha arobaini na moja.
Tatu zimegandana, hazitaki kuachana;
ukivuta, mmoja anabaki na sikio la mwenzake.
Nimeziskani hivyo hivyo, ndugu watatu unene mmoja.
Migongo nayo nimeiskani.
Mmoja una wino wa zambarau:
*Ukumbusho. Nachingwea. Reli bado ipo.*
Aliyeandika *bado*
alikwisha kusikia habari.

Usiku nikajaribu simu,
kile kitufe cha kusafisha: Ondoa mikwaruzo.
Nikaweka ya bibi Nambunga,
ile aliyopigiwa Lindi, safari ya lori siku mbili,
pazia la maua, kiti cha kuazima,
mikunjo mitatu, kona imeliwa na mende.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka.
Mikunjo ikaondoka.
Kona ikarudi, na maua ambayo sijui yalichumwa wapi.
Na mashavu ya bibi yakawa laini kama sabuni mpya.

Nembo zake hazipo.
Zile pembe zilizotazamana, mistari iliyoteremka
toka chini ya jicho mpaka kwenye taya,
alizozikalia mkekani asubuhi nzima
hakulia, wala hakumpa mtu sababu ya kumcheka,
masizi ya mbarika yakisuguliwa kwenye damu mbichi:
simu imeziona ni uchafu wa karatasi.
Mdomo wa juu, uliobeba ndonya ya mpingo,
umenyooshwa, umefungwa,
umekuwa mdomo wa mtu yeyote.

Nikampelekea shangazi uani.
Alikuwa anabangua, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda.
Akatazama sana, kichwa upande.
"Binti mzuri," akasema. "Wa nani huyu?"

Mama yake mzazi.
Aliyembeba mgongoni kutoka Kitangari hadi hapa.

Kuna neno dogo juu ya kioo cha simu, pembeni: Tendua.
Aliyeliweka pale sidhani kama aliwahi kufika Newala,
lakini Mungu amzidishie.
Nikabonyeza, kona ikaliwa tena na mende.
Nikabonyeza, mikunjo mitatu ikarudi kulala mahali pake.
Nikabonyeza,
na shavuni: pembe, mistari, pembe.

Shangazi hakusema kitu.
Akashika ncha ya kanga, akailowesha kwa mate,
akafuta kioo cha simu, pale pale shavuni,
akidhani ni salfa.
Akafuta tena, kwa nguvu,
kama anavyowafuta wajukuu kabla ya shule.

Haikutoka.

"Ehe," akasema. "Ndiye."
Akarudi kwenye korosho zake.
Zimebaki picha kumi na tisa, na umeme umekatika.